TAHADHARI: Kuna "Injinia" anauza mashine za kupaka matairi dawa, kanipiga milioni 6 na laki 4 nikiwa nakunywa soda yake

Wakuu habari za saa hizi. Ni saa nane usiku, sina usingizi, mama watoto kanipa mgongo toka jumapili na wallah ana haki. Mliopo karibu na mimi mnajua ile hela ilikuwa ya nini, na mnajua baada ya lile la jenereta niliapa mbele ya watu kwamba sinunui tena mashine iliyotumika kutoka mkononi mwa mtu. Basi nimenunua. Milioni 6 na laki 4. Na sijaporwa na mtu mwenye panga, nimezitoa mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, feni inanipepea, nasema "asante sana kaka".

Pale kwangu kawoshi mnapajua, gari inasimama mabrashi ndo yanatembea yenyewe, kazi safi. Shida yangu siku zote ni matairi. Vijana wanapaka dawa ya kung'arisha kwa sponji, tairi nne, mtu ainame ainuke ainame ainuke, jumamosi foleni inafika barabarani mpaka bajaji zinanitukana kwa honi. Alafu mmoja anapaka anaruka sehemu, mwingine anajaza mpaka pale tairi inapokanyaga lami, kitu cha hatari kabisa kile maana silikoni iliyomo kwenye dawa inateleza, mtu anaweza kufunga breki mbele ya mwendokasi gari ikaendelea na safari. Ndo nikawa natafuta ile mashine inayopaka yenyewe. Kwa asiyeijua, ni kama kingo mbili ndefu zenye sponji au brashi, moja kulia moja kushoto, unaziweka pale gari inapotokea, dereva anapita katikati mdogomdogo, kuna jicho linaona gari imefika, pampu inasukuma dawa kwenye sponji, tairi inajifuta yenyewe huku inazunguka. Huko nje wanazo za kila aina. Hapa Dar kuipata ni kuulizia ulizia, na ukishaanza kuulizia ulizia mjini wewe ni kitoweo.

Fundi wangu wa kuchomelea (simlaumu, na yeye kaingizwa chaka) akanipa namba ya huyu mtu. Jina silitaji, RB ya polisi ninayo na sitaki aje aseme nimemchafua, nitamwita Injinia kama alivyojiita.

Nikaenda alhamisi, Vingunguti, uani nyuma ya godauni. Sikilizeni hapa maana napiga picha hii kichwani kila nikifumba macho. Nimefika saa sita na nusu hivi. Injinia kavaa ovaroli ya bluu imechakaa, ina grisi kwenye mapaja, ile grisi ya kweli ya mtu wa kazi. Kalamu mbili mfukoni na kipimo cha umeme kinaning'inia shingoni. Nikamwambia nataka mashine kubwa, akaniangalia akacheka akasema, "Kaka yangu, usinunue ile kubwa, utatupa hela. Una gari ngapi kwa siku? Hiyo kubwa ni ya watu wa magari mia tatu. Chukua hii fupi, itakutosha na chenji inabaki." Niambieni nyie, tapeli gani anakukataza kununua kitu cha bei kubwa? Hapo hapo moyo ukatulia. Alafu adhana ikalia, akaniomba radhi, akaenda kuswali, akaniacha peke yangu na mashine na funguo za ofisi ziko mezani. Narudia. FUNGUO MEZANI. Nikajisemea huyu hawezi kuwa mwizi.

Karudi, kaniagizia soda ya baridi, tukaanza majaribio. Pale uani kuna IST nyeupe imepigwa jeki upande mmoja, tairi ya nyuma iko hewani, ile mashine imesogezwa mpaka sponji zinagusa tairi. Nikauliza mbona gari isipite kama itakavyopita kwangu? Akasema "uwanja mdogo kaka, unaona mwenyewe, ila tairi ni ile ile na sponji ni ile ile." Nikaona kweli, uwanja mdogo. Akatoa hendibreki, akawasha. Kuna kitaa chekundu kwenye mashine akasema ndo jicho. Akapitisha mkono mbele ya kile kitaa, pampu ikanguruma, dawa ikaanza kutoka kwenye sponji, akazungusha tairi kwa mkono taratibu, mzunguko mmoja, wa pili. Wakuu, ile tairi iling'aa. Nyeusi tiii kama imetoka kiwandani asubuhi, mzunguko wote, hakuna palipoachwa hata upana wa kidole. Nikapitisha kidole, kikatoka na mafuta. Nikapiga picha kabisa, nikamtumia mama watoto nikaandika "tumepata". Hiyo meseji bado ipo, naiona kila nikifungua simu.

Pembeni ya ukuta alikaa dogo mmoja juu ya kreti la soda, katulia, mkono mmoja yuko nao nyuma ya mgongo. Nilimuona. Nilimuona kabisa nikadhani ana aibu.

Tukaongea bei. Alianza milioni 7 na nusu tukashuka. Nikataka kutoa advansi siku hiyo hiyo akakataa! Akasema "nenda kalale, ukiamka unataka bado, njoo." Sasa mtu kakataa hela yangu, mimi ni nani nisimwamini. Ijumaa nikaamka saa kumi na moja. Nimeuza nilichouza, vikoba vya mama watoto vikaingia humo, nikaenda mwenyewe, mbio. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikauliza, akasema mtandao unasumbua ataituma jioni, akanipa karatasi yenye muhuri. Akanizawadia na madumu mawili ya dawa, lita 20 kila moja. Kirikuu elfu 60 mpaka kwangu.

Jumamosi asubuhi fundi kafunga. Gari ya kwanza Noah ya jirani, nikasema pita, ikapita, wote tumesimama tunaangalia kama harusi. Jicho halikuona kitu. Noah imepita, imefika barabarani, mashine kimya. Tukafungua. Kile kitaa hakijaungwa na kitu chochote, ni kitaa tu, kina waya wa umeme basi. Pampu inawashwa na swichi yenye waya mrefu, na huo waya ulikuwa umeviringishwa vizuri chini ya mashine na mimi nilidhani ni wa akiba. Kumbe dogo wa kreti ndo alikuwa jicho.

Sawa, nikasema nitaweka kijana wa kubonyeza swichi, si mwisho wa dunia. Ikapita IST. Tairi zikatoka nusu. Nusu nyeusi tiii, nusu kijivu, kama mwezi. Wateja wakaanza kucheka. Nikarudisha gari nyuma ipite tena, safari hii ikapaka pale pale palipopakwa na pengine ikaongeza kidogo. Prado ndo usiseme, zaidi ya nusu ya tairi imebaki kavu.

Fundi akachukua futi kamba akazungusha kwenye tairi ya 195/65R15, mzunguko wake karibu mita 2. Akapima kingo ya sponji: sentimita 95. Akaniambia bosi, tairi ikizunguka mara moja gari inasogea mita 2, sasa sponji yako inaishia hata nusu ya mzunguko haijafika, hiyo nusu nyingine ikapakwe na nani? Tairi ya Prado 265/65R17 ni karibu mita 2 na nusu, ndo kabisa. Mashine ya gari inayotembea lazima iwe ndefu angalau kama mzunguko wa tairi. Lakini ukiipiga gari jeki ukazungusha tairi mahali pamoja, hata sponji ya kuoshea vyombo itapaka yote. Nilikaa chini. Kwenye maji, nilikaa tu. Mtu anaendesha kawoshi miaka yote hii kashindwa kujua tairi ikizunguka inatembea!

Na haikuishia hapo. Tairi za kwenye jeki zilikuwa kavu, zangu zinatoka kwenye mabrashi zinachuruzika maji, sina blowa ya kukausha pale chini. Dawa ikichanganyika na maji haishiki. Mama mmoja mwenye Harrier nyeupe katoka, kakanyaga mafuta mpaka taa za kwanza, karudi ubavu mzima una madoa meusi kuanzia tairi mpaka mlangoni. Nimemuoshea bure na nimemrudishia hela na bado kanirekodi video.

Jumatano mipira ya pampu imevimba inavuja, sponji zinamomonyoka kama mkate kwenye chai. Fundi kanusa dumu akasema hii si ya maji, hii ni ile inayotengenezwa kwa mafuta ya jamii ya petroli. Ile ya maji ni nyeupe kama maziwa. Hii ni angavu, inanuka kama thina, inang'aa haraka ndo maana wanaipenda wakati wa kuonyesha, ila mpira usiotengenezwa kwa ajili yake inautafuna. Na inashika moto, na mimi madumu nimeyaweka mita nne kutoka kwa mchomeleaji, basi Mungu mkubwa.

Sasa kilichonifanya niandike ni cha jana. Fundi kazifungua zile kingo mbili ili aone kama anaweza kuokoa chochote, akaziona pembeni zina rangi ya silva nene kuliko kwingine. Akakwangua. Chini kuna alama ya grenda. Akakwangua ubavuni, kwenye kingo moja zikatokea herufi LE. Kwenye nyingine FT. Tukazilaza chini tukazisogeza ncha kwa ncha, matundu ya bolti yakapangana, mstari wa rangi ya zamani ukapangana, na neno likasomeka LEFT. Wakuu mimi sijauziwa mashine fupi. Nimeuziwa upande wa kushoto wa mashine ndefu, umekatwa katikati, nusu nikaambiwa ni kulia nusu nikaambiwa ni kushoto. Vijana sasa hivi wananiita Lefti. Mbele ya wateja.

Simu yake haipatikani. Uani nimeenda, nimekuta watu wanauza mbao, wanasema walimpangisha wiki mbili tu. Ile IST ilikuwa ya kukodi. Mteja wangu mmoja mwanasheria kaniambia kujipatia hela kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 7. Miaka 7 tu? Huyu apelekwe Segerea, na huko ndani apewe ndoo na sponji apake matairi ya magari yote ya magereza kwa mkono, tairi nzima, asiache hata upana wa kidole, na kila akimaliza gari ipite kwenye tope aanze upya. Na yule dogo wa kreti naye, hata kama alitumwa, alikuwa ananiangalia usoni wakati anabonyeza. Na aliyewapangisha uani bila kuuliza kitambulisho na yeye aitwe aeleze.

Mnaotaka kununua, sijui niwaambieje maana na mimi si wa kumfundisha mtu. Gari ipite, itembee, si kwenye jeki. Njoo na futi kamba. Angalia kibati cha kiwandani, yangu kilibanduliwa, matundu ya riveti tu ndo yamebaki, nikaambiwa kilidondoka melini. Bila EFD usitoe hata mia, "jioni nitatuma" haipo. Na mtu akikukatalia hela yako ogopa, hapo mimi ndo nilipofia. Mengine nikikumbuka nitaongeza, kichwa kinauma.

Jambo moja la mwisho. Kama kushoto ilikatwa, na kulia ipo mahali, na kwa akili ya yule mtu haijabaki nzima. Kuna mwenzangu mmoja mjini hapa sasa hivi anawapigia kelele vijana wake kwamba hawajui kuiseti mashine, tairi zinatoka nusu. Kaka, au dada, waache vijana. Chukua kisu, kwangua rangi ya silva ubavuni. Ukikuta RI upande mmoja na GHT upande wa pili, nitafute haraka, ushahidi wangu ni nusu na kituoni wanataka mashine nzima.