Seti ya kupimia asidi ya siki: bureti nzuri, kijitabu cha kusahihishwa

Seti hii imekusudiwa mwanafunzi anayetaka kujua kiasi cha asidi ya ethanoiki kilichomo katika siki, kwa kuidondoshea haidroksaidi ya sodiamu mpaka asidi na besi zibatilishane na kubaki chumvi na maji. Ndani yake mna bureti ya mililita 50 (mrija wenye alama na koki wa kudondoshea besi), pipeti ya mililita 25 (mrija wa kuchotea kiasi maalumu), chupa za koniko, besi ya moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali), na vionyeshi viwili, yaani kemikali zinazogeuka rangi kuonyesha asidi imekwisha: fenolfthaleini na methili oranji.

Bureti ndiyo inayostahili sifa. Alama zake zinasomeka vizuri, koki haivuji, na mtu anaweza kuachilia tone moja peke yake, nalo tone hilo, la takriban mililita 0.05, ndilo linalotosha kugeuza mmumunyo usio na rangi kuwa wa waridi hafifu. Kijitabu nacho kinaelekeza ipasavyo kwamba siki ichanganywe na maji mara kumi kwanza, kwa kuwa siki ya asilimia 5 ina karibu moli 0.83 kwa lita, na bila kuizimua bureti ingejazwa mara nne na zaidi kwa pipeti moja tu.

Kinapokosea ni pale kinaposema kwamba kionyeshi chochote kati ya hivyo viwili kinafaa. Asidi za kaboksili, kundi la asidi hii ya siki, ni dhaifu, na ioni ya ethanoeti inayobaki huchukua protoni kutoka kwenye maji, kwa hiyo pH (kipimo cha uasidi) ya kikomo, yaani pale asidi inapobatilishwa yote, huwa karibu 8.7, wala si 7. Fenolfthaleini hugeuka kati ya 8.2 na 10, yaani hapo hapo panapohitajika; methili oranji hugeuka kati ya 3.1 na 4.4, ikawa imemaliza kazi yake kabla hata nusu ya asidi haijabatilishwa. Atakayefuata maelezo hayo ataiona siki yake kuwa dhaifu kupita kiasi, na huenda akailaumu siki.

Upungufu mwingine ni kukosekana kwa fuwele za asidi ya oksaliki za kuhakikishia nguvu ya besi, ambayo hufyonza kaboni dioksidi ya hewani kila chupa inapofunguliwa, hivyo namba iliyo kwenye lebo haiaminiki kwa muda mrefu.

Ninaipendekeza kwa mwenye mwalimu wa kumsahihishia kijitabu. Methili oranji isitupwe. Itafaa siku ya kupima asidi ya haidrokloriki kwa kaboneti ya sodiamu.