Rangi ya ndani ya Land Rover Series III: uzoefu wangu na nyeusi ya satini hapa Tanga

Nimemaliza kurudisha sehemu ya ndani ya Land Rover 109 (ile ndefu) ya baba, Series III, kwenye hali yake ya asili. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya zamani, hasa haya yaliyotoka kwenye mashamba ya mkonge, maana kila mtu anahangaika kutafuta rangi yenyewe na hakuna anayeuliza kuhusu mng'ao. Mimi nimetumia nyeusi ya satini, yaani yenye mng'ao mdogo, kati ya glosi inayong'aa na mati isiyong'aa, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi), kutoka duka moja la rangi za magari pale Ngamiani. Rangi nimeipenda. Huduma ya duka ina kasoro moja nitakayoieleza.

Ukimwachia fundi wa mjini kazi ya ndani, atapiga glosi kila mahali, na mteja anapokea gari akiwa na furaha kwa sababu linang'aa. Kwenye Series III hilo ni kosa kubwa. Gari hizi zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ndizo zilizohamisha mita kutoka katikati kuja mbele ya dereva, kwenye dashibodi ya plastiki nyeusi. Plastiki ile ilitoka kiwandani ikiwa imepoa, haina mng'ao wa kioo. Ukiipaka glosi, asubuhi ukitoka Muheza kuja Tanga jua liko mbele yako, na dashibodi yote unaiona imejichora kwenye kioo cha mbele. Hapo si suala la urembo tena, ni usalama wa barabarani.

Namna ya kujua mng'ao wa asili: fungua kava la mita uligeuze. Sehemu iliyojificha nyuma, ambako jua na mikono havijafika, bado ina sura ya kiwandani. Kwenye gari letu, juu palikuwa pamepauka na kuwa kijivu, lakini nyuma ya kava pana weusi mzito wenye mng'ao kidogo sana, kama wa ganda la buyu lililoshikwashikwa. Nilikwenda na kava lenyewe dukani. Muuzaji alitaka tulinganishe kwa kulitazama moja kwa moja kutoka juu, nikamwambia, "Kaka, hebu tulipeleke dirishani tuliinamishe." Mng'ao hauonekani ukitazama wima. Hata vipimo vya viwandani huwa vinapigwa kwa pembe ya digrii 60. Tulipoinamisha, sampuli tatu zilizokuwa zinafanana zikaachana kabisa, na mati niliyokuja nikiitaka ikaonekana imekufa mno. Satini ndiyo iliyokaa.

Sasa ile kasoro. Kinachopunguza mng'ao ni unga laini, mara nyingi wa silika, uliomo ndani ya rangi. Rangi ikikauka, unga huo unauacha uso na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, mwanga ukipiga unatawanyika. Lakini unga hutuama chini ya kopo. Nilipoongeza kopo la pili, kijana wa dukani alimimina kutoka kopo kubwa bila kukoroga hadi chini, na kava la usukani likatoka linang'aa kuliko dashibodi iliyo sentimita chache pembeni yake. Duka walikubali na kunichanganyia upya bila malipo, nawashukuru kwa hilo. Hata hivyo kazi ya kupulizia ilirudiwa yote, kwa sababu satini haisahihishwi kwa polishi. Ukiisugua inang'aa pale ulipogusa, na doa halitoki. Simama hapo dukani, hakikisha mti wa kukorogea unakwangua chini.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni usafi kabla ya msasa. Vijana wa kuosha magari wanapenda kupaka dashibodi ile dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Rangi mpya ikikutana nayo inajikunja na kuacha vishimo vya mviringo. Osha kwa maji ya moto na sabuni, futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, rudia, ndipo ushike msasa. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani zaidi. Baada ya hapo prima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikia), nyembamba.

Halafu hali ya hewa yetu. Fundi wangu, mzee anayeijua pwani, alikataa kupulizia alfajiri kwa sababu ya umande, akakataa pia upepo wa bahari ulipoanza kurusha vumbi. Alisubiri jua likaushe hewa, akatumia tina (ya kuzimulia rangi) ya kukauka taratibu. Tina ya haraka kwenye joto hili inafanya rangi ifike ikiwa nusu imekauka, uso unakuwa mkavu na wa kukwaruza. Anayepulizia avae barakoa yenye vichujio vya kemikali, kwani hadina ina isosianati, kemikali hatari ukiivuta, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii chochote.

Viti vya rekisini msivipake rangi hii. Itapasuka mtu akikaa. Rekisini ina rangi yake inayonyumbulika. Na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu uacheni na rangi ya bodi yenye mng'ao wake. Kiwandani ulipakwa hivyo, na ukiupaka mweusi wa satini gari linapoteza sura.

Kwa bei, satini ya hadina ilinigharimu karibu mara mbili ya rangi ya kawaida ya kopo. Kwa dashibodi inayopigwa na jua la Tanga kutwa nzima, ningelipa tena. Nunueni ya kutosha vipande vyote kwa mara moja, vya chuma na vya plastiki, vipuliziwe kutoka mchanganyiko mmoja.