Uzoefu wangu: Makumbusho ya Taifa Nairobi, siku ya mvua, ukiwa na watoto

Likizo mbili kati ya tatu za shule hapa Kenya huangukia mvua. Ya Aprili hukutana na masika, ya Novemba hukutana na vuli. Watoto wako nyumbani, uwanja umejaa tope, na kufikia siku ya tatu kila mtu amechoshwa na katuni. Nimepeleka watoto wa umri tofauti sehemu nyingi za ndani jijini, na pale ninapopapendekeza kwanza ni Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Panafaa kuanzia miaka minne hivi. Ila sharti uamue kabla ya kuingia utaanza na chumba kipi na utamalizia wapi. Anayezurura ovyo humo ndani na mtoto wa miaka sita, baada ya nusu saa atakuwa amembeba mgongoni.

Makumbusho hufunguliwa kila siku kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, Jumapili ikiwemo. Lenga kuingia kabla ya saa nne. Mvua ya masika Nairobi hupenda kunyesha alasiri na usiku, kwa hiyo asubuhi una nafasi nzuri ya kufika ukiwa mkavu. Tena siku za shule mabasi ya wanafunzi huja kwa wingi katikati ya asubuhi, na darasa zima likishaingia chumba cha mafuvu, mtoto mfupi haoni kitu. Wakati wa likizo msongamano huo hupungua sana.

Malipo ni kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, kwa simu. Lipa ukiwa nyumbani. Kusimama langoni na mtoto mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine, huku kioo cha simu kimelowa na hakisikii kidole, ni mateso usiyoyahitaji. Viwango vya raia, mkaazi na mgeni hutofautiana, basi beba kitambulisho chako. Kuna tiketi ya jumba peke yake na kuna ya pamoja na Snake Park, bustani ya nyoka iliyo hapo hapo uani. Mvua ikiwa ya kukatika-katika, chukua ya pamoja. Ikiwa imeanza usiku na mbingu ni kijivu kila upande, chukua ya jumba tu, sababu nitaieleza chini.

Matatu za Westlands na Kangemi hupitia pale. Mwambie kondakta akushushe Museum Hill, kisha kuna kipande cha kupanda kwa miguu hadi langoni. Hicho kipande ndicho kinacholowesha watoto, hasa miguu. Gambuti zinafaa njiani lakini sakafu ya ndani ni laini, na mpira uliolowa huteleza. Mbebee kila mtoto soksi mbili kavu na raba nyepesi; mkiingia, kaeni kwenye benchi mbadilishe, viatu vya maji viingie kwenye mfuko wa plastiki. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli kwa sababu mwavuli unaodondosha maji utausumbukia mpaka mtoke. Mtoto mchanga mfunge kwa leso mgongoni, mikono yako ibaki huru. Na msisahau sweta: jumba lina dari za juu, na Julai, mwezi wa baridi na manyunyu, mtoto asiyekimbia hupoa haraka.

Sasa vyumba vyenyewe. Ukiingia unakutana na ukumbi wa Hall of Kenya. Wengi huupita kwa haraka wakielekea kwa wanyama, nami naona ni hasara. Kuna ramani ya Kenya iliyopangwa kwa vipepeo. Mwambie mtoto aitafute Mombasa, halafu Kisumu, halafu kwao ushago, kwa kidole, bila kugusa kioo. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka kwenye mvua amesisimka, na zoezi hili la dakika tano humtuliza kuliko kumkaripia. Katika ukumbi huo huo kuna joho la Kikalenjin lililoshonwa kwa ngozi za kima. Hapo wenye miaka minane kwenda juu huanza kuuliza maswali mazito: walikuwa kima wangapi, nani alilivaa, kwa nini hawakutumia mbuzi. Yajibuni, msikimbie.

Chumba cha ndege wa Afrika Mashariki ndicho kigumu kuliko vyote kwa mtoto, ingawa mimi mwenyewe ningeweza kushinda humo. Ndege waliokaushwa ni zaidi ya 900. Kwa mtoto, baada ya makabati matatu wote ni ndege tu. Dawa yake ni kuingia na swali moja, na swali linalofanya kazi kila mara ni la mdomo: huyu anakula nini? Tafuteni mdomo uliopinda kama ndoana, wa tai, wa kurarua nyama. Tafuteni mdomo mfupi mnene wa kwera, wa kupasua mbegu. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda wa kunyonya ua. Mdomo wa heroe umepinda ghafla katikati kuelekea chini, kwa sababu hula akiwa ameinamisha kichwa, akichuja vijidudu na mwani kwenye maji ya magadi. Hondohondo mwachieni mtoto akisie. Mpe kila mmoja karatasi nusu na penseli, achore midomo mitatu tu, kisha mtoke. Penseli, si kalamu ya wino. Wino kwenye karatasi iliyoshika unyevu husambaa na mtoto hulia. Dakika ishirini zinatosha. Ukimlazimisha azunguke chumba chote umemharibia vyumba vilivyobaki.

Ukumbi wa mamalia upo jirani, nao hauhitaji maelekezo yangu, ni wanyama wakubwa na watoto hujiongoza wenyewe. Tahadhari moja tu: wa chini ya miaka minne huweza kuogopa, kwa kuwa mnyama anamtazama na hasogei. Mwanzie mbali, msogee kwa hatua, na mwambie mapema kwamba hawa hawako hai.

Kutoka hapo mnaingia chimbuko la binadamu, na ndani yake chumba cha mafuvu. Hiki ndicho kinachofanya safari hii iwe na maana, nami simpitishi mtoto wa miaka saba na zaidi pale kwa pupa. Mkusanyiko wa visukuku vya binadamu wa kale uliopo humu ni miongoni mwa iliyo muhimu kuliko yote duniani, na mtoto wa Kayole anaufikia kwa matatu mbili. Mtafuteni Turkana Boy, mifupa ya mvulana wa kale. Alipatikana mwaka 1984 Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na jicho la kwanza kuona kipande cha fuvu lake lilikuwa la Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa stadi wa kusaka visukuku kuliko wengi waliosomea kazi hiyo vyuoni. Mifupa ina takriban miaka milioni 1.5. Mwenyewe alikufa akiwa mtoto, wengi hukadiria miaka minane au tisa, na tayari alikuwa na urefu wa karibu mita 1.6. Kabla ya kutoka nyumbani pima urefu wa watoto wako ukutani na uuandike kwenye simu. Mkifika hapo mwambie wa miaka tisa: huyu alikuwa rika lako, na alikuzidi kwa kichwa kizima. Mtoto huinyoosha shingo mara moja. Chumba kina mwanga hafifu na watu hunong'ona. Mdogo anayeogopa giza mwachie mwenzako, mpokezane.

Hapo mmeshakaa kama saa moja na robo. Pumzikeni. Chakula hakiliwi ndani ya vyumba vya maonyesho, hivyo ama muende mgahawani au mle chenu sehemu iliyofunikwa nje. Chapati iliyoviringishwa na yai, ndizi, na chupa ya uji wa moto vinatosha, na havina mchuzi wa kumwagika. Juisi ya sukari nyingi ningeiacha nyumbani. Nendeni msalani wote, hata asemaye hana haja, kabla ya kupanda juu.

Ghorofani kuna Historia ya Kenya na Cycles of Life, na hapa ndipo familia hugawanyika. Historia ya Kenya ina maandishi mengi na picha za ukoloni na za Mau Mau. Kwa wa miaka kumi kwenda juu ni chumba bora kabisa, maana wamekwisha kuyasikia darasani na sasa wanayaona. Wadogo wapeleke Cycles of Life, inayofuata maisha ya jamii za Kenya tangu kuzaliwa, malezi, jando, ndoa hadi uzee. Kama mna nyanya au babu katika msafara, mkabidhi chumba hiki. Vibao vya maelezo vinakuwa vya ziada tu. Nyanya akiona chombo alichokitumia utotoni, watoto humzingira na nyinyi wazazi mnapata dakika ishirini za kukaa.

Kwa hesabu ya muda: hadi miaka mitano, dakika 45 na vyumba viwili. Miaka sita hadi tisa, saa moja na nusu, vyumba vinne na mapumziko. Kumi na zaidi, saa tatu zinapita bila taabu. Ukichanganya umri, fuata muda wa mdogo kisha mgawane ghorofani.

Snake Park ndiyo niliyosema nitaieleza. Ilifunguliwa mwaka 1961 na watoto huidai kwa sauti kuliko kitu kingine chochote. Chatu, koboko na kifutu wako nyuma ya vioo, lakini sehemu nzuri ya ziara iko wazi: mamba na kobe wako nje, na njia hulowa. Isitoshe, reptilia hupata joto lake kutoka nje ya mwili. Siku ya baridi nyoka hujikunja na kutulia, mamba hujilaza kama gogo. Mtoto aliyetarajia vurumai huvunjika moyo. Mweleze sababu mapema, kwamba mnyama huyu hawezi kujipasha moto kama sisi, na utulivu wake unageuka kuwa kitu cha kuangalia. Iendeeni mvua inapokatika, hata ikiwa mko katikati ya chumba kingine, na dakika thelathini zinatosha. Mkipita uani msalimieni Ahmed, sanamu ya ukubwa halisi ya tembo wa Marsabit aliyewekwa chini ya ulinzi wa Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka 1974. Pembe zake ndizo zilizompa sifa, na kwenye picha mtoto akisimama chini yake ndipo mtu anaelewa urefu wake.

Kwa wa chini ya miaka minne, sipendekezi Makumbusho siku ya mvua. Hao wanahitaji kukimbia, na kwao sehemu za michezo za ndani kwenye maduka makubwa ndizo zinazofaa. Nyingi hulipiwa kwa saa, na wikendi ya mvua hujaa. Asubuhi ya siku ya kazi ni nafuu kwa mfuko na kwa masikio. Kabla ya kulipa omba uingie uangalie kwa dakika tano. Nguzo zote zimefunikwa sponji, na sponji haijachanika? Wavu umefungwa mpaka chini, au kuna pengo la mguu wa mtoto kupenya? Inama karibu na dimbwi la mipira unuse. Likinuka uvundo au mkojo, ondokeni, maana mipira haijaoshwa na msimu wa mvua ni msimu wa mafua. Uliza kama kuna eneo la wadogo lililotengwa kwa kizuizi halisi, si kwa mstari wa rangi. Na kwenye trampolini simama na kanuni moja bila aibu: mtoto mmoja kwa kitanda kimoja. Wawili wa uzito tofauti wakiruka pamoja, mzito anaposhuka humrusha mwepesi juu kuliko alivyojipanga, na hutua vibaya. Aghalabu mdogo ndiye anayeumia. Beba soksi, maana wengi hawaruhusu miguu mitupu na zile wanazouza langoni huwa ghali.

Wa Eastlands wasio na haja ya kuvuka mji wana maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa vizuri, na zinafaa mtoto anayeanza kusoma. Mliokwama katikati ya mji mna Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, zenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, ghorofa ya chini. Ni nusu saa nzuri, ila si Jumapili. Makumbusho ya Reli naipenda, lakini mabehewa na vichwa vya treni viko nje, kwa hiyo isubirini jua.

Kurudi kutoka Museum Hill, tokeni kabla ya saa tisa na nusu. Mvua ya jioni na watu wa kutoka kazini vikikutana Waiyaki Way, magari husimama, na nauli ya matatu hupanda mara tu matone yanapoanza. Tenga nauli ya kurudi mara mbili ya ile ya kuja, pesa taslimu au kwenye M-Pesa, na hakikisha simu ina chaji. Yale maandazi mawili ya akiba uliyoyaficha chini ya mkoba yatoeni mkishakaa garini.