Fundi wa sare Kaloleni, na binti niliyemfundisha miaka minne bila kumwona

Mzazi au mwalimu wa Arusha unayetafuta fundi wa sare kabla Januari haijakukaba, nenda Kaloleni. Ni mwendo wa dakika chache kutoka Mnara wa Azimio, kwenye fremu isiyo na bango. Ulizia kwa Mama Fundi wa sare, bodaboda wa pale wanapajua. Nimewapelekea kazi misimu mitatu na sijarudisha hata sketi moja iliyofumuka.

Nianze na kazi yenyewe. Sketi za dakbluu wanazipiga marinda yanayolala sawasawa mpaka chini, na pindo wanaliacha inchi tatu kamili, ili mtoto akirefuka mzazi afumue na kushusha badala ya kununua nyingine. Kola za mashati wanazitia kitambaa kigumu ndani. Nimezifua, nimezianika, hazijajikunja. Mwaka huu nililipa 32,000 kwa seti ya sketi na mashati mawili, kitambaa chao. Kwa mshono ule, naona ni bei ya haki.

Lakini kilichonifanya niandike ni Ijumaa moja ya Januari.

Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, ila sare imebaki juu ya mzazi, na kila mwaka wapo watoto wanaokuja na shati la kaka na sketi ya jirani. Walimu tulichangishana tukaagiza seti 14: sketi tisa, suruali tano, mashati 28. Shule inafunguliwa Jumatatu. Ijumaa saa nne asubuhi nimefika kuangalia kazi imefikia wapi, umeme ukakatika.

Mashine ya overloki, ile ya kushona kingo zisifumuke, ikanyamaza, na cherehani mbili za umeme nazo zikanyamaza. Mafundi wakatazamana. Mimi nikamtazama Mama Fundi, aliyeketi mlangoni na kikombe cha chai, nikingoja aseme neno. Hakusema. Macho yake yalikuwa kwa binti mmoja mwembamba mwenye tepu shingoni.

Binti hakupaza sauti. Alifungua daftari la vipimo, akapitisha kidole kwenye zilizobaki, kisha akamgeukia fundi mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. "Kaka, mkono wako wa kola hakuna anayeufikia hapa. Ukishika kola zote kwenye cherehani ya mguu, sisi tutakufuata." Kijana mdogo akapewa nauli na furushi la sketi, azipeleke Ngarenaro kwa fundi mwenye jenereta zikapigwe overloki, kabla hajatoka alitakiwa kuyarudia maagizo kwa mdomo wake. Halafu binti mwenyewe akachukua kopo la vifungo, kazi ambayo kila mtu pale anaikwepa, akaketi sakafuni karibu na mlango penye mwanga. Mashati 28, vifungo saba kila moja. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama: 196.

Alipoinua uso na kusema, "Shikamoo, mwalimu," ndipo nikamtambua. Nimemfundisha Uraia kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne.

Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyesimamia uteuzi wa viranja. Tulitazama nani ana sauti gwarideni, nani Kiingereza chake kinatiririka mbele ya wageni, na, niseme ukweli, nani mzazi wake tunamfahamu. Kila mwaka nilisimama ubaoni nikaandika ya Azimio la Arusha la 1967, kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Na huyu alikuwa safu ya pili kutoka nyuma, akiyanakili.

Nilimuuliza shuleni alikuwa anajishughulisha na nini. "Zamu za maji, mwalimu." Bomba letu lilikuwa likikauka katikati ya wiki. Nakumbuka mapipa ya jikoni yalikuwa yamejaa asubuhi kabla ya kengele, na nakumbuka nilifurahi. Sikuuliza aliyepanga ni nani. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Aliona wadogo wa kidato cha kwanza wanasukumwa kwenye foleni, akaanza kuandika majina kwa zamu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la Hisabati.

Mama Fundi alikaa naye miezi sita tu akamjua. Nilimuuliza aliona nini. "Mwalimu, mimi sikumwona yeye, niliwaona wenzake. Uzi ukikwama kwenye bobini walikuwa wanamwita yeye, na mimi nipo hapahapa. Mteja akija na hasira, wanamtazama yeye kwanza. Nikampa ufunguo." Na hakuishia kwenye ufunguo. Jumamosi jioni wanakaa wawili na hesabu za majora na madeni. Siku binti alipomkubalia mteja tarehe isiyowezekana, Mama Fundi alimwacha aende mwenyewe kumwomba radhi.

Mume wangu ni Mmaasai wa Monduli. Nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Laigwanani, yaani kiongozi wa rika kwa Wamaasai, hajipigii debe, alisema. Wazee wanawatazama vijana kwa muda mrefu, machungani na vikaoni, nani anawasikiliza wenzake, nani ana subira. Siku ikifika wanamkabidhi rungu jeusi, na wapo wanaojaribu kukataa kwa kuwa wanaujua uzito wake. Habari hii nimekaa nayo nyumbani kwangu miaka kumi na minane, na sikuwahi kuingia nayo kwenye chumba cha walimu.

Muhula huu nimeingia nayo. Kabla ya kupanga majina nilisimama wiki mbili kwenye tangi la maji na foleni ya uji. Kidato cha kwanza niliwapa karatasi waniandikie jina moja: ukikwama, unamwendea nani? Yalijirudia majina mawili ambayo hayakuwa kwenye orodha yetu. Mmoja ana kigugumizi. Nilimpigania kikaoni, na jina lake limepita.

Kasoro za fundi zipo. Sehemu ya kujaribishia ni kona iliyozibwa kwa kanga, na wasichana wakubwa hawaipendi. Mifuko ya suruali ni mifupi, waambieni mapema. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono. Na msipeleke kazi baada ya Krismasi, pelekeni Novemba.

Seti zetu zilikuwa tayari Jumapili saa kumi jioni, zote 14. Jina la kila mtoto lilikuwa kwenye kikaratasi kilichobanwa kwa pini ndani ya kola, lisionekane kwa nje. Binti alinikabidhi mfuko kwa mikono miwili, kisha akasogea karibu ili wenzake wasisikie.

"Mwalimu, naomba uwape mmoja mmoja ofisini. Wasiitwe mstarini."