Theo Epstein na Chicago Cubs: Huduma Iliyotolewa na Bei Iliyolipwa

Kazi ya kiongozi anayesajili wachezaji ni huduma, kwa sababu shabiki huilipia, awe amenunua tikiti ya uwanja wa Wrigley Field au, kama mimi hapa Kisumu, amelipia matangazo ya mtandaoni na kuamka saa tisa usiku ili atazame mchezo unaochezwa Chicago jioni. Kwa msingi huo ninaipima kazi aliyoifanya Theo Epstein katika klabu ya besiboli ya Chicago Cubs, Marekani, kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2020, na ninaipa alama nane kwa kumi.

Alifika na jina kubwa. Akiwa meneja mkuu wa Boston Red Sox (yaani msimamizi wa usajili, si kocha), kazi aliyopewa mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 28, aliiletea klabu hiyo ubingwa wa 2004, uliokuwa wa kwanza tangu 1918, kisha mwingine wa 2007. Huko Chicago alikuwa rais wa shughuli za besiboli na cheo cha meneja mkuu kikashikwa na Jed Hoyer, lakini neno la mwisho lilikuwa la Epstein, na ndiye anayestahili sifa pamoja na lawama.

Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa michungu kwa mteja. Cubs walipoteza michezo 101 mwaka 2012, 96 mwaka 2013 na 89 mwaka 2014. Sisi tuliolelewa na soka ya Gor Mahia tunapata taabu kuelewa uvumilivu wa namna hiyo, kwa kuwa kwetu timu ikishika mkia hushuka daraja, na hakuna mwenyekiti ambaye angethubutu kuonekana mtaani Kondele, hapa Kisumu, baada ya msimu kama ule. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani haina kushuka daraja, tena wakati huo timu iliyofanya vibaya ilitangulizwa katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka uliofuata, ambapo klabu hupokezana kuchagua wachezaji wapya. Vipigo vya 2012 viliwapa Cubs nafasi ya pili mwaka 2013, wakamchukua Kris Bryant, aliyekuja kuwa chipukizi bora wa ligi ya National, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 2015 na mchezaji bora wa ligi hiyo mwaka 2016. Mpango ulizaa matunda, lakini aliyelipa kiingilio mwaka 2012 hakurudishiwa pesa zake, na kwa hilo nimeondoa nusu alama.

Kilichonifanya nimheshimu Epstein ni jicho lake katika kubadilishana wachezaji. Julai 2013 aliwapa Baltimore Orioles mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) Scott Feldman, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo, pamoja na mdakaji wa akiba Steve Clevenger, naye akapokea Jake Arrieta na Pedro Strop. Arrieta alikuwa amekatiwa tamaa kule Baltimore, ambako alikuwa akiruhusu zaidi ya mikimbio mitano, yaani pointi za wapinzani, kwa kila ingwe tisa, ambazo ni vipindi vya mchezo mmoja kamili. Miaka miwili baadaye wastani huo ulishuka hadi 1.77, akashinda michezo 22 na kutwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Anthony Rizzo alipatikana San Diego kwa njia hiyohiyo, na Kyle Hendricks akatoka Texas. Sijui njia bora zaidi ya kumpima mjenzi wa timu kuliko kutazama walichokiona wengine kuwa mzigo na alichokifanya yeye kwa mzigo huo.

Ununuzi wa fedha taslimu ulikuwa na sura mbili. Jon Lester, aliyesajiliwa kwa dola milioni 155 kwa miaka sita, alistahili kila senti. Jason Heyward alilipwa dola milioni 184 kwa miaka minane, na upigaji wake haukuwahi kukaribia bei hiyo.

Kisha kuna Aroldis Chapman, na hapa nimepoteza usingizi zaidi ya mara moja. Julai 2016 Cubs waliwapa New York Yankees wachezaji wanne, akiwemo kijana Gleyber Torres, ili wampate mrushaji ambaye ligi ilikuwa imemfungia michezo 30 kwa kosa la ukatili wa nyumbani. Mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Cleveland niliutazama kwa simu. Chapman aliruhusu pigo la Rajai Davis wa Cleveland lililosawazisha, mvua ikausimamisha mchezo kwa muda, na kunako saa mbili kasorobo asubuhi, matatu zikiwa zimejaa barabarani, Cubs walishinda 8-7 na kuupata ubingwa walioukosa tangu 1908. Nilifurahi sana. Hata hivyo siwezi kuuita usajili ule safi, na Chapman mwenyewe alirudi Yankees Desemba ileile.

Alama moja na nusu iliyobaki ninaikata kwa sababu ya kitalu cha vipaji. Mkazi wa magharibi mwa Kenya anajua thamani ya kitalu, maana Shule ya Upili ya Kakamega imezilisha klabu zetu wanasoka kwa miongo mingi. Epstein aliotesha wapigaji, lakini katika warushaji watano walioanzisha michezo mingi zaidi mwaka 2016 hapakuwa na hata mmoja aliyechaguliwa na Cubs wenyewe katika uteuzi. Kitalu hicho kilipokauka alilazimika kununua tena: Julai 2017 alimtaka José Quintana kutoka Chicago White Sox na kulipa kwa Eloy Jiménez na Dylan Cease, mrushaji kijana ambaye Cubs walikuwa naye mkononi. Quintana alikuwa wa kawaida tu, na Julai 2021 Hoyer, aliyemrithi Epstein, akawauza Rizzo, Bryant na Javier Báez ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 Cease alishika nafasi ya pili katika kura za tuzo ileile ya Arrieta, akiwa amevaa jezi ya jirani.