Uzoefu wangu na Paperless-ngx katika masjala ya chuo kikuu, Mwanza

Ninafanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika chuo kikuu kimoja hapa Mwanza, na masjala yetu inatumia Paperless-ngx, programu huria ya kuhifadhi na kutafuta nyaraka. Ninaandika kwa ajili ya watunza kumbukumbu wenzangu wa Kanda ya Ziwa, ambao wengi wao wanahimizwa kuachana na karatasi bila kuelezwa waanzie wapi. Ninaipendekeza programu hii kwa masharti, na la kwanza ni kwamba kazi iongozwe na masjala yenyewe, huku kitengo cha TEHAMA kikisaidia.

Kabla yake chuo kilinunua mfumo wa kampuni ambayo sitaitaja. Nyaraka zilifungwa ndani ya hifadhidata kwa namna ambayo kampuni hiyo peke yake iliweza kuzitoa, na mkataba ulipokwisha tukabaki na seva iliyojaa kumbukumbu zetu wenyewe tusizoweza kuzifungua. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalouliza kuhusu mfumo wowote ni namna tutakavyoondoka na nyaraka zetu siku tukiuacha. Hapa Paperless-ngx imeniridhisha sana. Waraka unaoingia huhifadhiwa mara mbili: faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye skana, bila kuguswa, na nakala yenye maandishi yanayotafutika katika muundo wa PDF/A, ambao tangu 2005 ni kiwango cha ISO kwa nyaraka za kutunzwa muda mrefu. Faili hizo hukaa katika folda za kawaida, na mpangilio wa majina unauchagua mwenyewe. Sisi tumefuata namba ya jalada na mwaka, kwa hiyo hata programu ikizimwa, karani aliyezoea masjala ya karatasi atazifungua folda hizo na kujua alipo.

Maandishi husomwa na Tesseract, injini ambayo ilianzia katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuwekwa huria mwaka 2005. Ikisimikwa kwa Docker (njia ya kuendesha programu ikiwa imefungashwa pamoja na vyote inavyohitaji), programu huja na lugha chache za Ulaya tu. Kiswahili kinapaswa kuongezwa katika mipangilio kwa msimbo wa swa, nacho kiwekwe pamoja na Kiingereza, kwa kuwa barua zetu huchanganya vyote viwili. Barua zilizochapwa husomeka vizuri tukiskani kwa nukta 300 kwa inchi. Mwandiko wa mkono ni habari nyingine: madokezo ya wakuu wa idara, yale ya kalamu pembeni mwa jalada, hayasomeki, hivyo karani analazimika kuandika mwenyewe kichwa cha habari na namba ya folio, yaani namba ya waraka ndani ya jalada.

Mahali panapohitaji uangalifu zaidi, hasa kwetu sisi tunaohudumia watu wa Usukumani, ni majina. Jina kama Ng'wandu utalikuta katika fomu ya udahili likiwa na alama ya ng', katika orodha ya matokeo likiandikwa Ngwandu, na katika barua ya zamani ya taipureta alama yenyewe imefifia kiasi kwamba skana inaiona kama doa. Mhitimu aliyevuka kwa kivuko kutoka Ukerewe kuja kuomba uthibitisho wa masomo yake hapaswi kurudi mikono mitupu kwa sababu ya alama moja juu ya mstari. Kwa hiyo tumeamua kwamba kitambulisho cha mwanafunzi katika kila waraka ni namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ikiwa na namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka, na karani huiandika katika sehemu maalumu ya taarifa. Namba hiyo haibadiliki mtu anapoolewa wala anaporekebisha jina kwa kiapo. Tangu utaratibu huo ushike, kutafuta jalada la mhitimu kumekuwa kazi ya muda mfupi sana, na nimefurahi kuona makarani wenyewe wakiusimamia bila kukumbushwa.

Programu hutoa pia namba ya mfululizo kwa kila karatasi inayobaki bohari. Tunaibandika juu ya karatasi kama lebo ya msimbo pau, skana huisoma yenyewe, na sahihi ya wino ikihitajika tunajua boksi la kufungua. Karatasi nyembamba za nakala za kaboni zisipitishwe katika kilishio cha skana. Zilazwe kwenye kioo moja moja. Umeme nao ukatikao ovyo unadai UPS (betri ya akiba) kwa seva, pamoja na nakala rudufu inayokaa jengo lingine.

Kuhusu usiri, lazima niseme wazi: programu haifichi maudhui ya faili kwa msimbo, na waundaji wake wenyewe wanaonya isiwekwe kwenye seva usiyoiamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitusamehei katika hilo. Tumesimba diski nzima, seva haifikiki kutoka nje ya mtandao wa chuo, na majalada ya masjala ya siri, yakiwemo ya nidhamu na ya afya, hayajaingizwa kabisa. Sioni sababu ya kuyaharakisha.

Pengo kubwa lililobaki ni uteketezaji. Programu haina ratiba ya kutunza na kuteketeza kumbukumbu, kwa sababu haikuundwa kwa ajili ya masjala za taasisi. Tumeongeza sehemu ya tarehe ya mapitio katika kila waraka, kisha tukatengeneza orodha inayoonyesha nyaraka zilizofikia tarehe hiyo, ambazo hupelekwa kwenye kamati ya chuo pamoja na maoni ya masjala. Waraka unaofutwa hukaa kwanza katika pipa la taka kwa siku 30, usipobadilisha mpangilio huo, lakini muda huo hautoshi kuokoa matokeo ya mitihani yaliyofutwa likizo ya mwisho wa mwaka wa masomo. Ruhusa ya kufuta tumempa mkuu wa masjala peke yake, naye huitumia akiwa na uamuzi wa kamati uliotiwa sahihi.