Uzoefu wangu na katriji za tona zilizotengenezwa upya

Duka langu la steshenari hapa Morogoro hutegemea printa moja ya leza, na msimu wa mitihani ya muhula unapofika, shule huleta kazi nyingi kiasi kwamba gharama ya tona, yaani unga wa wino wa printa, ndiyo inayoamua kama nitapata faida. Ndiyo sababu nilihamia kwenye katriji (makasha ya tona) zilizotengenezwa upya na kampuni isiyohusiana na kiwanda cha printa yenyewe.

Katriji hizi si sawa na zile zinazotobolewa na kujazwa unga mtaani. Kasha lililotumika hufunguliwa na kusafishwa, drami (silinda inayohamishia unga kwenye karatasi) na bledi inayoifuta hubadilishwa, unga mpya huwekwa pamoja na chipu mpya inayoitambulisha katriji kwa printa, kisha katriji hujaribiwa kabla ya kufungwa. Katika kazi zangu, maandishi hutoka meusi na yaliyokolea, hata tarakimu ndogo za ndani ya majedwali. Upungufu niliouona ni kwenye picha, ambapo sehemu za kijivu hutoka na mistari hafifu karibu na ukingo wa karatasi. Kwa karatasi za mitihani, hilo halinisumbui.

Kilichonisumbua ni printa. Baada ya kupokea sasisho la programu kupitia intaneti, iliikataa katriji ambayo ilikuwa imechapa vizuri asubuhi hiyo hiyo, na kioo chake kikaandika kwamba katriji haitambuliki. Unga ulikuwamo wa kutosha na drami ilikuwa nzima. Kilichokataliwa ni chipu tu, kipande chembamba kilichobandikwa ubavuni. Muuzaji alinibadilishia chipu bila malipo, lakini wateja walikuwa wameshasubiri.

Mvutano huu ni wa siku nyingi. Nchini Marekani, Lexmark, kampuni inayotengeneza printa, iliishtaki kampuni ya Static Control mwaka 2002 kwa kutengeneza chipu zilizowezesha katriji za Lexmark kutumika tena, ikitegemea sheria ya hakimiliki, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaondoa zuio ililokuwa imepewa. Lexmark pia iliuza katriji kwa punguzo kwa sharti kwamba mnunuzi azitumie mara moja tu na kuzirudisha kwake, kisha ikaishtaki Impression Products, kampuni iliyouza katriji zilizotengenezwa upya, kwa kuvunja hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtengenezaji akishauza bidhaa, haki zake za hataza juu ya bidhaa hiyo zimekwisha. Kabla ya hapo, mwaka 2016, printa kadhaa za HP zilianza kukataa katriji zenye chipu za wengine, wateja wakalalamika sana, na kampuni ikatoa programu ya hiari ya kuondoa kizuizi hicho.

Watengenezaji husema wanalinda ubora na usalama. Hoja ya ubora naielewa, kwa kuwa unga mbaya kweli huchafua printa, lakini onyo kwenye kioo lingetosha, nami niachiwe uamuzi juu ya mashine niliyoilipia. Kuzima katriji nzima kwa sasisho ambalo sikuelezwa litafanya nini ni kumwonea mteja, na ni kupeleka jalalani kasha ambalo bado lina kazi.

Nitaendelea kuzinunua. Anayetaka kujaribu amuulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama dhamana yake inahusu pia chipu itakayokataliwa baada ya sasisho, na azime masasisho ya moja kwa moja kama printa yake inaruhusu.